Mistari Niliyoifuta

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza leo kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Daktari Syovata, mtafiti wa kutoka Machakos aliye nasi hapa kituo cha afya tangu Januari, ameniletea mezani rejista kumi na moja za wodi ya watoto, za mwaka 1970 hadi 1989. Zilikuwa ghalani chini ya vitanda vibovu, zina harufu ya panya. Mimi, Mwanarusi Abdulwahab, karani wa kumbukumbu kwa miaka kumi na minne, ndiye nitakayezinakili zote kwenye kompyuta. Anataka kujua ni watoto wangapi wa pwani hii waliokufa kwa degedege, yaani malaria iliyopanda kichwani, mvua kwa mvua na kijiji kwa kijiji. Ripoti iende tarehe thelathini Juni, isichelewe hata siku moja.

Nikamwuliza, "Wameshakufa, daktari. Tukiwahesabu leo tutapata nini?"

"Tukijua ilikuwa inapiga wapi, tutajua ikirudi itaanzia wapi. Kijiji iko na hesabu ndiyo itapewa dawa na wahudumu kwanza. Ile haina, itangoja."

Kiswahili chake cha bara kinaniwasha masikio, lakini maneno yake nimeyaelewa. Nimeanza ukurasa wa kwanza. Mwandiko wa karani wa zamani ni mzuri kuliko wangu, na hilo limeniudhi.

Jumatano, 9 Aprili

Nyumbani Bodo, Mama amemkemea tena Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni Bi Mbodze, mke wa kwanza wa marehemu baba. Anakaa banda la mwisho la mji wetu, yaani boma letu, upande wa mikoko. Baba hakumwacha, alimweka kando tu, akamwoa Mama, nasi tukazaliwa: mimi, na mdogo wangu Swabir ambaye ni fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani. Mama Mkubwa alizaa kabla yetu lakini watoto hawakukaa. Watu husema ana nyuni, yule ndege wa kishetani ambaye humkalia mwanamke akawaua wanawe kwa degedege. Kwa hiyo haruhusiwi kumgusa mtoto mdogo. Mimi mwenyewe hakuwahi kunibeba. Sikuamini wala sikukataa, nilikuta hivyo nikazoea.

Leo kosa lake lilikuwa kumwokota mtoto wa Swabir aliyeanguka mlangoni. Mtoto ana mwaka na miezi miwili. Ndiye mwanamume wa kwanza, basi amepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi yetu, Abdulwahab, na mimi humwita Baba. Mama, kwa kuwa mtoto amebeba jina la mumewe, humtania, "Njoo, mume wangu, umeniletea nini sokoni?" Mtoto hucheka hadi akaonyesha meno yake yote sita.

"Mume wangu huyo usimguse," Mama alimwambia Mama Mkubwa. Yule bibi wa miaka sabini na tatu akamweka mtoto chini, akarudi bandani kwake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Rejista ya tatu. Mchwa wamekula Novemba yote ya mwaka 1974.

Jumatatu, 21 Aprili

Leo nimejisifu, na naandika ili sifa isipotee.

Daktari Syovata alikuja na uso wa wasiwasi. "Mwanarusi, hizi jina zinajirudia. Mtoto ule ule, baba yule yule, kijiji ile ile, degedege. Halafu miaka tofauti. Tutafanyaje?"

Nilikuwa na jibu tayari. Rejista hizi hadi mwaka 1982 si zile za asili. Paa lilivuja, vitabu vikalowa, na makarani wakavinakili upya. Bila shaka walikuwa wakisinzia, wakarudia mistari na kuchanganya miaka. "Mtu hafi mara mbili, daktari," nikamwambia.

Akacheka. "Basi toa."

Nimeitoa mchana mmoja, mistari mia mbili na kumi na minne. Kompyuta huwapanga wenye jina moja, baba mmoja na kijiji kimoja, nami nabakiza mmoja na kufuta waliobaki, hata sisomi. Hata hivyo waliofutwa nimewachapisha kwenye karatasi na kuwaweka sandukuni. Karani hatupi kitu.

Daktari akachora mchoro wake. Bodo yetu, yenye mikoko na madimbwi kila hatua, imeshuka hadi ikawa karibu sawa na Kinango, ambako watu hutafuta maji kwa punda. Nikaona ajabu kidogo, kisha nikanywa chai.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua siku nzima. Chandarua cha Baba kina tundu linaloingia ngumi. Nimemwambia Esha, mke wa Swabir, akishone. Amesema kesho.

Jumatatu, 12 Mei

Chandarua bado. Nami sikukishona, nisijifanye mwema.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika nikiwa wodi ya watoto, juu ya kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Baba amelala, sindano ya maji imefungwa mkononi mwake. Yu hai. Nimetanguliza hilo ili siku nikisoma tena nisiogope kufika mwisho.

Jana asubuhi aliamka na joto. Esha alikuwa amekwenda Ukunda, mimi niko kazini, mtoto akabaki na Mama. Saa nne macho yakageuka, mikono ikakakamaa, akaanza kutetemeka. Mama akafanya kama tulivyofanyiwa sisi na yeye alivyofanyiwa. Akafunga mlango, akamfunika mtoto kaniki nyeusi, akaweka makaa na majani ya kufukizia. Huko kwetu wanaamini mtoto mwenye degedege hatolewi nje mpaka ndege amwache, na kwamba sindano ikimgusa kabla ya hapo, hana maisha.

Mama Mkubwa alinusa ule moshi kutoka bandani kwake. Hakubisha hodi. Aliingia, akamtoa mtoto chini ya kaniki, akatoka naye. Mama akamkamata leso. Leso ikabaki mkononi mwa Mama na Mama Mkubwa akaenda kichwa wazi mvuani, mwanamke ambaye miaka yangu yote sijapata kuona nywele zake.

Yaliyofuata nimeambiwa na Mangi, mhudumu wetu wa afya wa kijiji, mwenye pikipiki. Alimpakia hadi pale bondeni, maji yakaingia kwenye mashine, ikazima. "Nikamwambia, bibi, tungoje yapungue. Alishuka akavuka, maji kiunoni, mtoto kamweka begani. Mimi mwanamume nimesimama na pikipiki yangu kama mjinga." Ng'ambo akapata pikipiki nyingine.

Nilimwona kwenye dirisha la ofisi yangu. Maji yanamchuruzika, mtoto yuko kifuani, bado anatetemeka.

"Mwanarusi," akasema, "mchomeni sindano."

Muuguzi Eunice alimpokea mbio. Walimpa dawa ya kutuliza mtikiso, kipimo kikaonyesha malaria, wakamchoma sindano ya malaria na kumwekea damu. Eunice ananiambia nusu saa zaidi ingetosha kutupotezea mtoto.

Nilimwuliza Mama Mkubwa mbona hakuogopa. Alikuwa amekaa sakafuni, amejitanda shuka la wodi.

"Wangu wote niliwaleta hapa," akasema. "Niliwaleta wamechelewa, maana tulifukiza kwanza. Huyu nilikataa achelewe."

Alasiri Mama akafika. Alisimama mlangoni akamtazama mtoto, kisha akamgeukia mwenzake. "Umemgusa. Miaka yote hii nakukataza, na umemgusa. Nyuni wako ndiye aliyemshika."

Mama Mkubwa akavuta shuka hadi kichwani. Na mimi, mwenye kila jibu, sikufungua kinywa. Naona haya kuandika hivyo.

Jumanne, 20 Mei

Baba ametoka wodini. Anataka uji kila dakika. Alhamdulillahi.

Lakini nyumbani hakukaliki. Mama amesema katika mji ule atoke mmoja, yeye au Bi Mbodze. Swabir amekuja kutoka Diani, amekaa kati yao ameinamisha kichwa, na mwisho amekubali kumhamishia Mama Mkubwa Kibuyuni kwa wajukuu wa dada yake. Atamchukua tarehe thelathini Juni, akipata likizo.

"Huko hajui mtu, Swabir," nikamwambia.

"Dada, mama yangu ameniambia hatakula. Nifanye nini?"

"Aliyemwokoa mwanao umfukuze?"

"Na kama kweli ndiye aliyemponza?" akasema polepole. Aibu ilimjaa usoni, lakini alisema.

Nimelala na hasira. Nimeamka nayo pia, naandika nayo.

Alhamisi, 22 Mei

Leo nimekwenda kazini nikitafuta kitu kimoja tu, watoto wa Mama Mkubwa. Nilitaka nione kilichoandikwa, labda kipo cha kumnyamazisha Mama. Kwenye jedwali nikampata mmoja: Swabir Abdulwahab, Bodo, miaka miwili, degedege, amefariki, Mei 1973. Jina la mdogo wangu. Sikushtuka sana, babu mzaa baba alikuwa Swabir.

Kisha, sijui kwa nini, nikafungua sanduku la waliofutwa. Swabir Abdulwahab, Bodo, miaka miwili, Juni 1976. Swabir Abdulwahab, Bodo, miaka mitatu, Mei 1981.

Nikaomba ruhusa nikarudi nyumbani. Mama Mkubwa alikuwa anasuka ukili mlangoni kwake.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Mama Mkubwa, nisamehe. Ulizaa watoto wangapi?"

Mikono ikasimama. Akanitazama kwa muda, kuona kama namchokoza. "Hakuna aliyeniuliza hilo tangu baba yako," akasema. "Watatu."

"Waliitwa nani?"

"Swabir."

"Wote?"

"Ndiyo mwanangu, wote. Jina la babu haliachwi bila mtu. Wa kwanza alipokufa, wa pili akalipokea. Wa pili alipokufa, akalipokea wa tatu. Na huyo aliyezaliwa na mama yako, akalipokea yeye." Akaendelea kusuka. "Wa kwanza alikuwa na kovu la moto hapa mkononi. Wa pili alikuwa mlafi wa viazi vitamu. Wa tatu alikuwa akiimba hata chooni. Hawakufanana hata kidogo."

Nimekaa pale chini mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi ni Mdigo wa Bodo, ndugu yangu amebeba jina la babu, mtoto wake namwita Baba kwa jina la baba yangu. Mgeni wa Machakos angekosea tungemsamehe. Mimi nimeketi kwenye kiti changu nikawafuta watoto wa watu mia mbili na kumi na wanne kwa mchana mmoja, nikajisifu na kunywa chai.

Ijumaa, 23 Mei

Sikusema na mtu.

Jumatatu, 26 Mei

Nimemweleza Daktari Syovata. Alifunika uso kwa viganja.

"Nirudishe yote tu?" akauliza.

"Hapana. Makarani nao walirudia kweli, nimeona mistari yenye tarehe moja mara mbili. Lazima kila jina liulizwe kwa wenyewe. Kuna mama, shangazi, dada, mtu anayekumbuka."

"Mwanarusi, ni mistari mia mbili, vijiji tisa, mvua hii, na wiki tano. Tuandike tu kwenye ripoti kwamba kuna upungufu, tuendelee."

"Daktari, wewe ulisema kijiji kisicho na hesabu kitangoja. Bodo nimeipunguza mimi kwa mkono huu. Siandiki kwamba kuna upungufu, nakwenda kuuliza."

Akanitazama. "Na ukikosa kumaliza?"

"Nitamaliza."

Amenipa siku za kazi za nje hadi tarehe ishirini na saba Juni. Amesema niandike kila nilichouliza na aliyejibu. Kisha akaongeza kwamba kwao pia kuna majina ya babu, na alipaswa kufikiri. Nimempenda zaidi kwa hilo.

Alhamisi, 29 Mei

Mangi ananipeleka kwa pikipiki. Nyumba kumi na moja leo, mistari kumi na minne. Nilidhani wanawake watanifukuza. Hakuna aliyenifukuza. Ninauliza, "Marehemu fulani alikuwa mmoja au wawili?" na wanajibu upesi, bila kufikiri, kama walikuwa wameketi wakingoja swali lije.

Jumatatu, 2 Juni

Nyumba tisa. Matope hadi magotini. Mangi asema nikiendelea hivi kiti cha ofisi kitanisahau umbo.

Jumatano, 4 Juni

Bibi mmoja wa Funzi, haoni tena, amenihesabia Mwanahawa wanne kwa vidole, kisha akakifunga kidole cha nne na kusema huyo yu hai, ana duka Ukunda. Kwa jina hilo nilikuwa nimebakiza mstari mmoja tu.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Mama Mkubwa amekula peke yake bandani kwake. Nilimpelekea sahani, nikala naye. Mama aliona, vyombo vikalia jikoni.

Jumanne, 10 Juni

Homa yangu mwenyewe. Kipimo safi, ni mafua tu. Mistari tisini na sita imebaki.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nimekaa na mvua ya mwaka 1981 peke yake. Nilipofuta, Bodo ilikuwa na vifo tisa kwa miezi ile ya Mei na Juni. Nilipowarudisha waliothibitishwa na wenyewe, ni ishirini na mmoja. Ni nyumba kumi na saba, katika kijiji ambacho Mangi asema wakati ule hakikuzidi nyumba arubaini. Ni nyuni gani huyo wa mwanamke mmoja, anayezunguka nyumba kumi na saba kwa mvua moja na kupumzika kiangazi?

Nikaenda nyuma, mwaka 1976, nikitafuta wenzake Swabir wa pili. Nikakuta hivi: Nassir Mbwana, Bodo, mwaka mmoja, degedege. Na mwaka 1972 yupo mwingine, Nassir Mbwana, Bodo, miaka miwili.

Mbwana ni babu yangu mzaa mama. Mjomba Nassir yu hai, ana miaka arubaini na saba, anauza samaki Msambweni. Mama ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na mbili.

Sijui niende vipi kwa Mama na karatasi hii.

Jumatano, 18 Juni

Mistari ishirini na nane imebaki. Sijakwenda kwa Mama. Naogopa, nikubali.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda.

Mama alikuwa sebuleni, ametoka kusali adhuhuri, tasbihi bado mkononi. Nikaketi chini mbele yake.

"Mama, niko kazini sasa hivi, usinijibu kama mwanao. Naenda nyumba kwa nyumba, na hii ni nyumba yangu ya mia moja na kitu. Nassir Mbwana alikuwa mmoja au zaidi?"

Tasbihi ikasimama.

"Nani amekuambia?"

"Rejista."

Nje Esha alikuwa akimwogesha Baba, tunamsikia akipiga maji.

"Wa kwanza sikumjua sana," Mama akasema. "Wa pili nilikuwa nambeba mgongoni. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Alikuwa mgongoni kwangu, Mwanarusi, ilipomshika. Nilihisi anatetemeka, nikadhani anacheza."

Sijawahi kumwona Mama akilia. Hakulia kwa sauti, machozi yalikuwa yanateremka tu na yeye hayafuti.

"Wakasema mama yako ana nyuni?"

"Walianza kusema. Babu yako akawanyamazisha, alikuwa na sauti msikitini. Nikaambiwa nisitaje tena. Nilipoolewa hapa nikamkuta Mbodze, kila mtu anamnong'ona, nikashukuru. Unanisikia? Nilishukuru. Nikajua wakimtazama yeye, hawatanitazama mimi. Ulipozaliwa nilikuwa naamka kukusikiliza pumzi, nikisema kama ndege yupo kwenye damu ya mama yangu, basi yupo kwangu. Nikimweka yule mbali, nikajidanganya nimemweka ndege mbali."

Miaka arubaini na moja nimedhani mama yangu ni mkali tu kwa tabia. Kumbe muda wote huo alikuwa na hofu. Ningemkumbatia, lakini sisi si watu wa kukumbatiana. Nikamfungulia karatasi ya mwaka 1981, nikamsomea nyumba zote kumi na saba, baba kwa baba. Nyingi alizijua. Nyingine alikuwa amecheza na dada zao.

"Wote hao mvua moja?" akauliza.

"Mvua moja. Mbu, Mama, na madimbwi, na njia mbovu, na kufukiza kabla ya kwenda. Ndilo lililotupata, na liliwapata wote."

Akaniambia nikale, chakula kinapoa. Sijui kama nimeshinda kitu. Kwenye daftari langu la kazi nimeandika: Nassir Mbwana, watoto wawili tofauti, amethibitisha dada yao, Maimuna.

Ijumaa, 27 Juni

Nimemaliza. Katika mistari mia mbili na kumi na minne, mia moja sitini na mitatu ni watoto tofauti, waliozaliwa, wakaitwa, wakafa. Thelathini na mmoja ni usingizi wa makarani kweli. Ishirini sikupata hata mtu mmoja wa kumwuliza, na hao Daktari ameniruhusu tuwaandike kwa hali hiyo, hawajulikani. Mchoro wa Bodo umepanda. Hatufanani tena na Kinango.

"Bodo itakuwa ya kwanza kwa orodha," Daktari akasema. Akataka kujua katika safu ya maelezo nimeandika nini, maana kompyuta ilikuwa inawasoma wenye jina moja bado kama mtu mmoja. Nikamwonyesha. Kovu la moto mkononi. Mlafi wa viazi vitamu. Huimba.

"Hii sio maelezo ya kisayansi," akasema.

"Ndiyo inayowatofautisha."

Ameiacha.

Jioni nimempelekea Mama Mkubwa karatasi. Hajui kusoma. Nikamwekea kidole chake juu ya mstari wa kwanza, nikamsomea. Kisha akauliza, "Wa pili yuko wapi?" Nikakisogeza. "Na mwimbaji?" Nikakisogeza tena. Aliendelea kugusa ile mistari mitatu mmoja mmoja kwa zamu, na hakutaka kunirudishia karatasi. Nimemwachia.

Fungu lake la nguo lilikuwa limefungwa tayari karibu na mlango.

Jumatatu, 30 Juni

Ripoti imekwenda saa tano asubuhi. Mvua imekata tangu juzi.

Nilikimbia nyumbani nimkute Swabir. Alikuwa amefika na mtu wa kukodi mwenye pikipiki ya kubebea mizigo, anaongea na Mangi, hamtazami mtu usoni. Mama Mkubwa alitoka na fungu lake na ile karatasi ameikunja kwenye pindo la leso.

"Mwonyeshe," nikamwambia.

Swabir akasoma jina lake mara tatu na miaka mitatu pembeni. Akarudi akasoma tena. "Dada, hii ni nini?"

"Ni kaka zako."

Akaketi kwenye ukingo wa pikipiki. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, mwenye mwana, hakuna aliyewahi kumwambia jina lake lilivaliwa kabla yake. "Kwa hiyo mimi ni wa nne," akasema.

"Wewe ni wewe," Mama Mkubwa akamjibu. "Nao ni wao. Twende, jua linakuwa kali."

Swabir hakwenda. Alichukua lile fungu, akaingia nalo bandani, akatoka mikono mitupu na kumwambia mwenye pikipiki arudi. Kisha akatazama mlango wa nyumba kubwa. Sote tulitazama. Mama alikuwa dirishani, anaona kila kitu. Akafunga dirisha.

Jumanne, 1 Julai

Mama amekula. Nimeshona chandarua.

Jumatano, 2 Julai

Leo asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini. Mama alikuwa uani anakanda unga wa mahamri, Baba anamng'ang'ania magoti, analia abebwe. Esha kisimani. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, mikono yangu haina kitu, na nikainama kumchukua.

"Wewe mwache," Mama akaniambia.

Akainua uso, akaita kuelekea banda la mwisho. Hakuita kwa ukali, wala sikuwahi kumsikia akitumia sauti hiyo kabla.

"Mwenzangu! Njoo unipokelee mtoto, nina unga mikononi."

Mlango wa banda ulichukua muda kufunguka. Mama Mkubwa akaja, akasimama mbali kidogo, akamtazama Mama ahakikishe. Mama alikuwa amerudi kwenye unga wake. Yule bibi akajifuta mikono kwenye leso, mara moja, halafu mara nyingine, akamnyanyua mtoto kwa uangalifu, kama mtu anayepokea sahani iliyojaa mchuzi. Baba akanyamaza, akamshika sikio.

"Karibu, mume wangu," Mama Mkubwa akamwambia.

"Mume wetu," Mama akamsahihisha, akaendelea kukanda.